Kwanza Mpigo, Kisha Picha

Mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inapochonga maua ya mlango katika karakana ya Kisauni, Mombasa, sifa huiendea mashine, au humwendea aliyechora ua. Mimi namsifu aliyeiandaa kompyuta ya pembeni, ile ya mtumba iliyojaa vumbi la mbao. Yeye ndiye aliyejua ipewe nini na inyimwe nini.

Programu kama Mach3, ikitumia tundu la zamani la printa, katika mpangilio wake wa kawaida hutoa hadi mipigo ya umeme 25,000 kwa sekunde. Kati ya mpigo na mpigo kuna mikrosekunde 40 tu. Mipigo hiyo ndiyo inayozisukuma mota, hatua kwa hatua, na mota hizo hazirudishi habari. Mpigo ukichelewa, mota huweza kuteleza, huku programu ikiamini kila kitu ki mahali pake. Jani moja la ua likikosea, yote yanayofuata hukosea nalo, na ubao wa mvule umekwenda.

Mwizi wa muda mara nyingi ni picha. Grafiki zilizounganishwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta hula kumbukumbu ileile ya prosesa, na kila skrini inapochora upya njia ya kisu, mipigo huweza kungojeshwa. Ndiyo maana watengenezaji wa Mach3 walitaka kadi ya picha ya peke yake, hata ya MB 32, na MB 512 au zaidi kwa faili kubwa za pande tatu. Si anasa hiyo. Ni kumpa mlafi sahani yake ili asidokoe ya mwenzake.

Fundi hodari hasadiki maandishi ya kwenye boksi. Akitumia LinuxCNC, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, hufungua jaribio la ucheleweshaji, kisha huitesa kompyuta makusudi: avute madirisha huku na huku, anakili faili kubwa, apige muziki, azungushe magurudumu ya pande tatu kwenye skrini. Jicho lake liko kwenye namba moja tu, ya ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Isipovuka mikrosekunde 20, kompyuta imefaulu, hata iwe kuukuu. Ikivuka mno, huibadilisha kadi, au huzima mapambo ya skrini na kujaribu tena.

Wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, wenye chama chao cha ushirika, hufanya kazi kwa tezo na hulisikia pigo likienda kombo mkononi. Fundi wa CNC hana bahati hiyo. Lazima alitafute kosa kabla halijazaliwa.

Siku hizi kuna bodi zinazotoa mipigo zenyewe, na kompyuta imepumua. Hata hivyo, kuna haja ya mtu anayejua nani anamngoja nani, na kwa muda gani. Ujuzi huo hauuzwi pamoja na mashine. Mwenye karakana anayetaka milango isiyo na kasoro na aulipie kabla hajalipia skrini kubwa.