Uovu wa Nasaba katika Hekaya za Unguja

Huko Kidichi, katikati ya mashamba ya Unguja, ingaliko hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzade. Kuta zake zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa kwa ufundi wa Kiajemi. Hamamu si mahali pa kuoga tu. Humo mtu huvua nguo, na akivua nguo alama zake huonekana. Hekaya moja mashuhuri ya Unguja imeliweka fundo lake ndani ya hamamu, na hekaya hiyo ina jawabu kwa swali linalowashughulisha leo watunzi wa dunia za kubuni: je, yafaa kubuni taifa zima la viumbe waliozaliwa waovu?

Swali hili si dogo. J.R.R. Tolkien, katika kisa kikubwa alichokitoa mwaka 1954 na 1955, aliwapa maadui jeshi la viumbe waitwao orki, kisha yeye mwenyewe akatatizika: vipi kiumbe mwenye akili na usemi anyimwe kabisa njia ya kutubu? Mwaka 1974 ulitolewa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia nafsi ya shujaa. Mchezo huo uliwagawa viumbe kwa tabia, na orki wakaandikwa waovu kabla hawajatenda lolote. Mwaka 2020 wenye mchezo walikiri hadharani kwamba sifa walizopewa orki zilifanana mno na matusi waliyotupiwa watu wa kweli kwa ajili ya asili yao. Katika toleo la 2024 mchezaji aweza kuchagua kuwa orki.

Hekaya za Unguja zilikwisha kulipima jambo hili zamani. Edward Steere alizikusanya kisiwani na kuzichapisha London mwaka 1870, kwa jina la Swahili Tales. Mojawapo ni ile ya Hasibu Karimu Ddini na Mfalme wa Nyoka, ambayo asili yake ni katika Alfu Lela Ulela. Msikilizaji huingia katika hekaya hii akiwa na hukumu tayari, kwa kuwa nyoka ni adui. Lakini waliomtupa Hasibu shimoni ni binadamu wenziwe, kwa tamaa ya asali. Aliyempokea na kumlisha ni Mfalme wa Nyoka. Mfalme alimruhusu kurudi kwao, hali akijua kwamba atakuja kumsaliti, akamwonya asioge mbele za watu. Hasibu akasahau, akaingia hamamu, alama ikaonekana tumboni mwake, na watu wa waziri wakamkamata. Nyoka akauawa ili sultani apone. Waziri akaangamia kwa hila yake mwenyewe. Basi ahadi ilitunzwa na nyoka, ikavunjwa na mtu. Hekaya haisemi kwamba nyoka wote ni wema. Husema tu kwamba uaminifu haufuati ngozi.

Kisa cha Sultani Majnuni chafika mbali zaidi, maana humo adui ni adui kweli. Nunda mla watu hakuzaliwa nunda. Alikuwa paka wa sultani. Alipoanza kula mifugo, watu walishtaki, na sultani akapuuza, akidai kwamba mla na kiliwa vyote ni mali yake. Paka akaendelea mpaka akawala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo alipopewa jina jipya. Uovu huu una chanzo, na chanzo chake ki katika kiti cha enzi. Kisha mwana mdogo atokapo kumsaka, huua mbwa, pundamilia, twiga hata tembo, na kila mara mama yake humwambia kwamba siye. Mwindaji mwenye ghadhabu asiyemjua adui wake huwamaliza wasio na hatia kwanza.

Huenda ikasemwa kwamba hekaya zetu nazo zina zimwi, ambaye aghalabu hali ila watu na wala hatolewi sababu. Ni kweli. Lakini hata hapo lugha yenyewe imeacha mlango wazi, kwa methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata zimwi, basi, huweza kujuana na mtu, na kujuana huko hupunguza ukali wake. Na majini ya pwani watu huyasimulia kuwa yako mema na mabaya, Waislamu na makafiri, kama walivyo wanadamu.

Hoja hii ina uzito Unguja kuliko mezani pa mchezo. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961 ziliua watu 68, na mauaji makubwa zaidi yakafuata Mapinduzi ya Januari 1964. Katika miaka hiyo watu wengi walihukumiwa kwa nasaba zao, si kwa matendo yao. Hayo yalitukia katika kisiwa kilekile kilichokuwa kikisimulia habari za Hasibu na nunda. Hekaya, basi, haina nguvu ya kumzuia mtu asiyetaka kuifahamu. Mtunzi wa leo anayehitaji adui na amtunge, hata awe wa kutisha kama nunda. Lakini aonyeshe ni nani aliyemlea, na ni nani aliyeyasikia malalamiko akanyamaza.