Filamu Kuukuu na Wenyewe: Mirt Sost Shi Amit Ikitazamwa kutoka Garissa

Urejeshaji wa filamu kuukuu huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya fundi peke yake: mkanda huoshwa, mikwaruzo huondolewa, sauti husafishwa, kisha kazi hurudishwa kwa wenyewe. Katika kauli hiyo neno "wenyewe" ndilo lisilofafanuliwa. Anayelipia urejeshaji ndiye huamua nakala mpya izungumze na hadhira ipi, na uamuzi huo ni tafsiri ya matini, sawa na utangulizi unaoandikiwa diwani ya kale.

Mfano ulio jirani na Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni Mirt Sost Shi Amit, filamu ya Haile Gerima ijulikanayo ng'ambo kama Harvest: 3,000 Years. Ilipigwa Ethiopia mwaka 1974, mwaka ambao Haile Selassie aling'olewa madarakani, kwa mkanda wa milimita 16 usio na rangi na kwa lugha ya Kiamhari. Ikaonyeshwa Cannes mwaka 1976. Kwa muda wa miaka thelathini hivi ilibaki mali ya wapenzi wachache walioitaja kwa heshima na kuiona kwa nadra. Urejeshaji wake wa mwaka 2006 ulifanywa na Cineteca ya Bologna, Italia, na umo katika orodha ya mradi wa sinema ya dunia wa Film Foundation, taasisi ya Martin Scorsese. Miongoni mwa waliowahi kuufadhili mradi huo ni Armani na Cartier. Si dhambi fedha za vito kuokoa hadithi za mafukara. Bila fedha za namna hiyo mikanda mingi ingeozea makoponi. Tatizo liko penginepo.

Liko katika namna filamu inavyotangazwa baada ya kuokolewa. Matangazo ya matamasha huisifu kazi hii kwa ushairi wa picha zake na kwa utaratibu wake wa polepole. Sifa hizo ni za kweli, ila zinaelea juu ya maudhui. Familia ya wakulima inamtumikia mwinyi. Msichana mchunga anakufa maji akijaribu kumwokoa ng'ombe. Mhakiki wa Ulaya huona hapo ishara. Mtazamaji wa Garissa, mji ulio kando ya Tana, aliyeyaona mafuriko ya 1997 na 1998 na ukame wa 2011, huona hesabu: uhai wa mtoto na uhai wa mnyama vimewekwa katika mizani moja, na mwenye mizani si baba wa mtoto. Ndoto ambamo binadamu wanafungwa nira mithili ya fahali haihitaji kufafanuliwa kwa mtazamaji huyo. Yeye pia ndiye awezaye kuikosoa filamu pale inapostahili kukosolewa, kwa mfano katika uchoraji wa mwinyi, ambaye amepewa rangi moja tu kwa dakika mia moja na hamsini. Umwinyi ungetisha zaidi kama mwenyewe angekuwa na haiba.

Gerima mwenyewe aliwahi kuonyesha kwamba utangazaji unaweza kufuata njia nyingine. Wasambazaji wa Marekani walipoikwepa Sankofa yake ya mwaka 1993, alikodi majumba ya sinema na kuipeleka kwa jamii za watu weusi mji kwa mji. Iliporejeshwa mwaka 2021 chini ya ARRAY, kampuni ya Ava DuVernay, ilipitia Netflix. Hadhira ilipanuka, lakini mlango ukawa ni wa mwenye kadi ya benki na intaneti ya kasi.

Huku Kaskazini Mashariki njia ya kwanza si ngeni. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, shirika la FilmAid lilionyesha filamu nje, usiku, kwa skrini iliyofungwa kwenye lori. Kwa hiyo hoja kwamba "hakuna hadhira" haina mashiko. Hadhira ipo, haikuhesabiwa tu katika bajeti.

Kuna anayeweza kupinga kwamba filamu ya Kiamhari si urithi wa Garissa. Na aitazame basi ile filamu ndefu ya Kisomali ya miaka ya 1980 kuhusu Madarwishi, ambayo Said Salah Ahmed alishiriki kuiongoza: saa nne na zaidi juu ya vita vya Sayyid Mohammed Abdille Hassan, mshairi ambaye tungo zake hazijui mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2017 Film Foundation, FEPACI na UNESCO walitangaza mradi wa kurejesha filamu hamsini za Afrika. Kati ya za mwanzo zilikuwamo Soleil Ô ya Med Hondo na Muna Moto ya Dikongué-Pipa, kazi zilizokwisha kupata jina Ulaya. Sifa ya zamani ndiyo huvuta fedha mpya, na filamu iliyopendwa na wasiokuwa na majarida ya uhakiki hukosa mdhamini.

Jambo moja lingebadilisha mengi kwa gharama ndogo ikilinganishwa na ya maabara. Maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa Kiswahili na Kisomali, yahesabiwe kuwa sehemu ya urejeshaji wenyewe, yaingizwe katika mkataba wa ufadhili tangu siku ya kwanza, na nakala moja ikabidhiwe maktaba ya Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya filamu kurudi Cannes.