Kitovu cha Kikapu

Ukitaka kujua kikapu cha Kiturkana kimetoka kwa fundi au kwa mwanafunzi, kigeuze. Wanunuzi wengi hutazama mdomo na rangi za ubavuni, wakapatana bei, wakaondoka. Fundi hutazama chini, kwenye kitovu, kwa sababu hapo uvivu hauna pa kujificha.

Aliyenifunza kugeuza ni mama mmoja wa Kalobeyei, Turkana. Nilimkuta kivulini, miguu ameinyoosha, miyaa imelowekwa kwenye sufuria kando yake. "Ejoka," nikamwamkia. "Ejoka noi," akajibu bila kuinua macho. Alikuwa anaanza kikapu kipya, na kuanza hakutaki porojo.

Miyaa ni ya mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol. Ni wa ukoo wa mnazi, ila shina lake hutoka panda kama manati. Ya kwake huletwa kutoka Lodwar, safari ya kilomita zipatazo 120, ambako mikoma imesimama kandokando ya mto Turkwel ikigombania ardhi na mathenge. Hukatwa kuti changa ambalo bado limejifunga, na mkataji mwenye adabu haugusi moyo wa mti. Kuti hupasuliwa, huanikwa, kisha siku ya kusuka hulowekwa, maana jua la huku hukausha kitu kikiwa mkononi mwako.

Alichukua fungu jembamba kuliko penseli, akalizungushia mwaa mmoja, akalikunja mpaka ncha ikajimeza. Tundu lililobaki katikati lisingepitisha punje ya mtama. Sindano ya gunia ikatoboa, mwaa ukapita, ukavutwa, ukabanwa kwa kidole gumba. Tena. Tena. Kila mzunguko hushikwa na uliotangulia, kwa hiyo duara likitanuka mishono nayo sharti iongezeke, na hakuna alama popote ya kumwonyesha wapi. Hata hivyo, kwenye kikapu alichokuwa amekimaliza, pembe za kahawia zilikuwa zimefika ukingoni pamoja, hakuna iliyochelewa. Anahesabuje?

"Nahesabu nikianza tu," alisema. "Baadaye nikihesabu, nakosea."

Kwingineko mbinu ni nyingine: Lamu hushona ukili ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Ukambani husokota katani ikawa kiondo. Mshono huu wa kuzungusha, ajabu, ndugu yake yuko Mexico, katika jangwa la Sonora, ambako wanawake wa Kiseri hushona vikapu kwa nyuzi za kichaka cha torote na sindano ya mfupa. Sidhani yupo aliyemwiga mwenzake. Nadhani ukame ndio uliowafunza wote wawili.

Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, na siku ile pamoja huko kulikuwa hivi: mwanamke wa Sudan Kusini aliyeketi karibu na mama akitarizi milaya, shuka la maua mekundu, kila mmoja akichungulia kazi ya mwenzake bila neno.

Nikaomba nijaribu. Kitovu changu kilitoka kama sikio lililoumwa na mbwa. Mama hakucheka. Alifumua, akanirudishia fungu. Cha pili kilikaa duara, nami nikaendelea hadi mzunguko wa nne, nikampa kwa majivuno. Akakigeuza, akatazama chini kwa muda, akafumua tena.