Mikono ya Mwalimu wa Kutua

Rubani mwanafunzi akitua vibaya, mara nyingi si kishindo cha kwanza kinachovunja ndege. Cessna 172 ikifika chini na mwendo mwingi hugonga lami ikarudi juu. Mwanafunzi hushtuka, akasukuma usukani mbele ili aishushe kwa nguvu. Sasa linatangulia gurudumu la pua, ambalo halikuundwa kupokea uzito huo. Ndege inadunda tena, juu zaidi, na midundo ikiendelea mguu wa mbele huvunjika, propela ikajipinda kwenye lami. Yote hayo ni sekunde chache tu.

Ndani ya sekunde hizo ndimo ilimo kazi ya mwalimu, na sijui ufundi mwingine unaodai subira ya namna hiyo. Naye ana usukani wake na pedali zake. Anaweza kuinyakua ndege wakati wowote. Akiinyakua mapema, mwanafunzi hajifunzi kitu. Akichelewa, ndege imeharibika. Basi anakaa mikono juu ya mapaja, vidole wazi, macho ameyatupa mwisho wa njia ya kutulia, kwani ni kule mbali ndiko jicho linakopimia jinsi ndege inavyozama.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, una ugumu wake. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Kipimo kikionyesha mwendo wa kilomita 120 kwa saa, kwa kweli ndege inakata hewa kwa zaidi ya 130. Mwanafunzi anaiona ardhi ikimjia mbio, anatamani kupunguza. Mwalimu hodari hamkemei. Anamwambia aamini kipimo, kisha karibu na ardhi avute usukani kidogo, angoje, avute tena, aiache ndege ichoke yenyewe na kukalia magurudumu ya nyuma.

Na ikidunda vibaya? "Nachukua." Mwanafunzi anaachia. Mwalimu anaipa injini nguvu zote, anaishika pua isiinuke kupita kiasi wala kuzama, anapandisha flapu kwa hatua, wanapaa. Hapo juu, ndege ikishatulia, ndipo ninapomvulia kofia: usukani anamrudishia yule yule aliyedundisha, wazunguke, ajaribu tena.