Baritoni na umbali wa maikrofoni

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, Myeke wa Bunkeya. Bosco alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni moja mkononi na kuisogeza mpaka sikio liridhike, kwani kilichokwisha kurekodiwa hakikuweza kuchanganywa upya. Hadi leo besi na sauti za juu za gitaa lile zinasikika kila moja mahali pake. Ndiyo maana naamini kwamba fundi wa studio ya Kolwezi anayetaka kurekodi saksafoni baritoni atafute kwanza mahali pa kuweka maikrofoni, ndipo aulize ni ya aina gani.

Sababu imo katika chombo chenyewe. Kwenye A ya chini kabisa, mtetemo unakaribia Hz 65, na wimbi lake lina urefu wa mita 5 na ushei. Hapo matundu yote yamezibwa, sauti inatoka kwenye mdomo mpana. Mpigaji akipanda, matundu yanafunguka na sehemu kubwa ya sauti inatokea humo, ilhali ukali wake unafuata bomba hadi mdomoni. Ukiichomeka maikrofoni mdomoni, kama ilivyozoeleka jukwaani, noti chache za chini zitanguruma kupita kiasi na nyingine zitakuwa kavu. Iweke sentimita 50 hadi 80 mbele, ielekee katikati ya bomba, na noti zote zitaifikia. Ukishapata mahali hapo, aina ya maikrofoni inaanza kuwa na uzito: ya utepe, kama Coles 4038, hulainisha ukali vizuri sana, ila husikia nyuma sawa na mbele, hivyo hudai chumba kizuri.

Mtu atasema: Kolwezi kuna malori ya madini, jenereta, na mvua juu ya mabati, umbali utayaingiza yote. Pingamizi hilo ni la kweli. Lakini baritoni ina nguvu kuliko gitaa kavu, kwa hiyo fundi haongezi sana usikivu wa mashine, na makelele yanabaki nyuma. Yakizidi, atundike mablanketi, asogee, na achague maikrofoni ya dainamiki isiyovimbisha besi ikikaribia. Electro-Voice RE20 iliundwa hivyo, na hushuka hadi Hz 45. Shure SM57, iliyo karibu kila studio, hupunguza besi, lakini kwa sentimita 30 ukaribu hurudisha kiasi chake. Sioni sababu ya kuidharau. Nisingeharakisha kuongeza ya pili. Maikrofoni mbili zilizo umbali tofauti hupokea wimbi moja kwa nyakati tofauti, na zikijumlishwa baadhi ya noti hukonda. Anayelazimika kuzitumia azisikilize pamoja kwa spika moja kabla ya kurekodi, na asogeze mojawapo hadi unene urudi.