Kumsema Marehemu

Kwetu sisi mtu akishafariki huwa mwema. Aliyekuwa mkali huitwa mpenda nidhamu, aliyekuwa bahili huambiwa alijua kuweka akiba, na mlevi hukumbukwa kwa ucheshi wake. Nimesoma wasifu wa marehemu katika misiba mingi, maana mwalimu mkuu ndiye hutafutwa anapohitajika mtu mwenye sauti ya kusikika, na sikumbuki hata mara moja ambapo karatasi niliyokabidhiwa ilitaja kosa. Sina ugomvi mkubwa na desturi hiyo. Wafiwa wana uchungu wao, na marehemu hawezi kuinuka akajitetea. Hata hivyo, yuko mwandishi mmoja wa Kiingereza aliyeivunja desturi hiyo mchana kweupe, nami kwa miaka arobaini nimekuwa nikibishana naye moyoni. Jina lake ni Bernard Levin.

Nilimfahamu kwa kumsoma, mwaka 1984, nilipopelekwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya ukufunzi. Katika maktaba ya chuo gazeti la The Times liliwekwa juu ya meza ndefu, na niliwaona wahadhiri wakilifungua moja kwa moja kwenye safu yake kabla hata ya kutazama habari za siku. Nikataka kujua kuna nini. Kilichonishangaza kwanza ni sentensi zake. Sentensi moja ilipanda kilima, ikashuka bondeni, ikakumbuka jambo jingine njiani, kisha ikarudi nyumbani jioni bila kupotea. Mimi niliyezoea kuwakata wanachuo maksi kwa sentensi ndefu niliona haya kidogo.

Levin alizaliwa London mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi isiyo na mali, akalelewa na mama yake na wazazi wa mama. Alipata nafasi ya ufadhili katika shule ya Christ's Hospital, kisha akasoma London School of Economics. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliandika habari za Bunge katika jarida la The Spectator kwa jina la bandia la Taper, akiwatazama wabunge kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza uliochezwa vibaya. Baadaye akawa mhakiki wa tamthilia kwa kazi. Mwaka 1963, katika kipindi cha televisheni cha That Was the Week That Was, mwanamume mmoja alimwendea akampiga ngumi mbele ya watazamaji wa nchi nzima, kwa sababu ya uhakiki alioandika juu ya onyesho la mkewe. Levin aliendelea na kipindi.

Mwaka 1970 aliacha kazi katika Daily Mail alipobanwa asikiunge mkono chama cha Labour wakati wa uchaguzi, ilhali aliahidiwa uhuru wa kuandika. Akahamia The Times, na ukiondoa likizo ndefu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alidumu huko hadi 1997. Gazeti hilo liliposimama karibu mwaka mzima kwa mgogoro wa wafanyakazi, kuanzia 1978 hadi 1979, safu yake ya kwanza baada ya kurudi ilianza kwa neno lenye maana ya “isitoshe”, kana kwamba alikuwa amekatizwa na kikohozi tu.

Hakuwa mtu wa kambi moja, na ndiyo maana watu wa kila kambi walimchukia kwa zamu. Aliwashambulia watawala wa Urusi ya Kisovieti kwa kuwafunga waandishi, na kwa ukali uleule akalishambulia shirika la gesi la London kwa uzembe wake. Mwaka 1977 aliandika kwamba utawala wa Kisovieti ungebadilishwa na watu wa ndani yake wenyewe, bila mapinduzi ya damu, akathubutu hata kutaja siku: tarehe 14 Julai 1989. Siku hiyo haikutokea jambo, lakini Novemba ya mwaka uleule ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Walimu wa historia tunajua ni watu wangapi waliokuwa wakisema wakati ule kwamba haiwezekani.

Lakini makala iliyonikwama kooni ni nyingine, na nililazimika kuitafuta katika majalada ya magazeti ya zamani. Mwezi Mei 1971 alifariki Lord Goddard, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1958. Alikuwa mtetezi mkubwa wa adhabu ya kifo na ya viboko. Siku chache tu baada ya kifo chake, Levin aliandika kwamba athari ya mzee huyo katika jitihada za kurekebisha adhabu ilikuwa mbaya karibu kabisa. Mawakili na majaji walikasirika. Inasimuliwa kwamba baadaye Levin alipotaka kujiunga na klabu ya Garrick, ambako wanasheria ni wengi, mlango ulifungwa.

Ili msomaji aelewe hasira ya Levin, ni lazima aijue kesi ya Derek Bentley. Usiku mmoja wa Novemba 1952, huko Croydon, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala kwa nia ya kuiba. Mmoja, Christopher Craig, mwenye miaka 16, alikuwa na bastola, akampiga risasi askari Sidney Miles akafa. Bentley, mwenye miaka 19 na uwezo mdogo wa akili, alikuwa amekwisha kukamatwa na polisi kabla ya risasi hiyo kulia. Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri. Bentley aliweza. Jopo la raia lilimwona ana hatia, lakini likaomba ahurumiwe. Hakuhurumiwa, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Jaji wa kesi hiyo alikuwa Goddard.

Sasa nianze kubishana. Kosa la kwanza la Levin ni kwamba hana mizani. Ukimsoma yeye peke yake utadhani mzee mmoja ndiye aliyebeba ukatili wa nchi nzima. Sheria ya wakati ule iliruhusu kumhukumu Bentley kwa kitendo cha mwenzake, na Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye aliyekataa kumwombea msamaha. Mwalimu yeyote anajua kwamba darasa likifeli lote, si haki kumlaumu kiranja pekee.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mtu huyu aliyekataa kutishwa na joho la jaji alilainika mbele ya joho jingine. Mwaka 1980 alikwenda Pune, India, kwa mhubiri Bhagwan Shree Rajneesh, akarudi na kuandika makala za kumsifu. Miaka minne baadaye, huko Oregon, Marekani, wafuasi wa mhubiri huyo walitia vijidudu vya maradhi katika kachumbari za mikahawani, wakaugua watu 751. Simlaumu Levin kwa yaliyofanyika baada yake. Namlaumu kwa kuwa maswali aliyomuuliza jaji hakumuuliza mhubiri. Akili kali si kinga ya kudanganywa; pengine humpa mtu maneno mazuri zaidi ya kuusifia udanganyifu.

Kwa makosa hayo ningeweza kufunga mjadala na kumtangaza kuwa mtovu wa adabu. Linalonizuia ni jambo moja nililolijua baadaye. Mwaka 1958, Goddard akiwa hai na bado Jaji Mkuu, Levin alikuwa amekwisha kumkosoa vikali katika The Spectator. Kwa hiyo aliyoyasema juu ya kaburi hayakuwa ya mtu aliyengoja adui azikwe. Yalikuwa ni marudio ya aliyoyasema mhusika akiwa na uwezo wote wa kumjibu.

Hapo ndipo Levin ananishinda, na sababu yake ni ya kwangu binafsi. Mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja alifukuzwa shule kwa wizi wa fedha za bohari. Aliyeamua ni mkubwa wetu, mtu mwenye heshima kubwa. Usiku uliotajwa mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, na kijana yule alikuwa amelala katika chumba cha wagonjwa akitetemeka kwa homa ya malaria. Nilimpa maji kwa mkono wangu. Sikusema neno. Nilikuwa sijathibitishwa kazini, na nilijiambia kwamba wakubwa wana habari nisizokuwa nazo.

Mkubwa yule alifariki mwaka 1996, nami nikaombwa kusoma wasifu wake. Nikasoma kwa sauti yangu ya paredi kwamba alikuwa mtu wa haki, asiyemwonea mtoto wa mtu. Baada ya mazishi mwanamume mmoja mwenye mikono ya fundi alinijia. “Shikamoo, mwalimu,” akasema. Nilimtambua kwa macho. “Umesoma vizuri,” akaongeza, kisha akaenda kupanga foleni ya chakula pamoja na wengine.

Tangu siku hiyo naona kwamba swali la kumsema marehemu huwa tunaliuliza tukiwa tumechelewa. Anayenyamaza kaburini kwa sababu ya adabu ana haki yake, ikiwa hakunyamaza pia ofisini kwa sababu ya woga. Mimi nilinyamaza mara ya kwanza, na mara ya pili nikafanya baya zaidi: nilisifu. Levin, pamoja na kukosa mizani na kupumbazwa kule Pune, hakuwahi kumsifu Goddard.

Julai 1998 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu ya Bentley, ikasema kwamba jinsi Goddard alivyoliongoza jopo ilimnyima kijana yule kesi ya haki. Dada yake, Iris, aliyepigania jina lake kwa miaka zaidi ya arobaini, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Na Levin alikuwa ameiacha safu yake mwaka huohuo wa 1997. Maradhi ya kusahau yalimchukua polepole, akafariki Agosti 2004. Haki ilipofika, wengi waliokuwa wakiingoja walikuwa hawapo kuipokea.

Siku hizi nikiombwa kusoma wasifu, naomba karatasi siku moja kabla. Neno nisiloliamini nawaambia wafiwa kwa upole kwamba sitalisoma. Wengine hukasirika, wakatafuta msomaji mwingine. Na mwaka huu nimemwandikia yule fundi barua ya kurasa mbili, nikaeleza zamu ya usiku ule, homa yake na kikombe cha maji, nikatia sahihi na jina langu kamili. Nimechelewa karibu miaka hamsini. Hajanijibu, na sina haki ya kumharakisha.