Sekunde Baada ya Kubonyeza "Lipa"

Katika duka lolote la mtandaoni, sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mteja hukaa nayo kwa sekunde chache tu: kati ya kubonyeza "Lipa" na kuona "Tumepokea". Picha za bidhaa zinaweza kupigwa na yeyote mwenye simu nzuri na dirisha lenye mwanga. Rangi na mpangilio wa kurasa hununuliwa tayari. Lakini ukitaka kujua kama duka limejengwa na fundi, nunua kitu, halafu tazama linavyokusubiri.

Nazungumzia Kenya, ninakofanyia kazi, ambako malipo ya simu yamezoeleka tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na leo hata kibanda cha nyanya kina nambari ya till iliyobandikwa ukutani. Kwa muda mrefu tovuti ilimtuma mteja aende mwenyewe kwenye menyu ya simu, aandike nambari ya Paybill, nambari ya akaunti, kiasi na nambari ya siri, kisha arudi kunakili msimbo wa risiti, herufi na tarakimu kumi. Akikosea nambari ya akaunti, pesa zimefika lakini hakuna ajuaye ni za nani. Mwaka 2017 Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, ilifungua jukwaa liitwalo Daraja, na tangu hapo hata mtengeneza tovuti anayefanya kazi peke yake anaweza kulifanya duka litume ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu ya mnunuzi. Kisanduku kinachomoza kwenye skrini, jina la duka lipo, kiasi kipo. Mnunuzi anaweka nambari yake ya siri, basi.

Napenda sana kwamba nambari hiyo ya siri haipiti kabisa kwenye tovuti. Laini ya simu ndiyo inayoiuliza, na ndiyo sababu mulika mwizi isiyo na intaneti hulipa sawasawa na simu ya bei ghali. Kijana anachagua leso kwenye kompyuta yake Nairobi, mama yake aliye Kilifi analipa kwa simu ya vitufe.

Kwa mnunuzi mambo yameisha. Kwa fundi ndiyo yanaanza. Seva ya duka ikituma ombi, jibu la papo hapo halisemi kwamba pesa zimelipwa. Linasema ombi limepokelewa, hayo tu. Jibu lenyewe huja baadaye, likibisha hodi kwenye anwani ambayo duka lilitoa. Katikati hapo lolote laweza kutokea: simu imeisha chaji, mjomba amepiga, salio ni dogo, mtu amebadili nia. Daraja hueleza yaliyotokea kwa nambari. 0, malipo yamefaulu. 1, salio halitoshi. 1032, mwenyewe ameghairi. 1037, simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati. 2001, nambari ya siri si sahihi.

Duka lililojengwa kwa haraka hukusanya yote hayo, isipokuwa sifuri, na kuyaandikia sentensi moja: "Malipo yameshindikana." Sasa tazama lililojengwa kwa subira. Aliyeghairi huambiwa: "Umesitisha malipo. Kikapu chako bado kipo." Ambaye simu yake haikupatikana huambiwa: "Hatukuipata simu inayoishia na 418. Hakikisha imewaka, kisha bonyeza Tuma tena." Ziangalie hizo tarakimu tatu za mwisho. Mtu akiziona hugundua mara moja kwamba ametoa nambari ya laini aliyoiacha zamani, na hahitaji kumpigia yeyote. Aliyeandika sentensi ile alikaa akamfikiria mtu aliyesimama stendi, matatu inaita abiria, chaji inakaribia kuisha. Huo ndio ufundi ninaouheshimu, na hauhitaji kompyuta kubwa wala timu ya watu ishirini.

Kisha kuna suala la kubonyeza mara mbili. Mtu akiona kimya hubonyeza tena, na ni haki yake. Fundi anayejua kazi huipa kila oda nambari yake ya pekee kabla ombi halijatoka, hivyo ombi la pili likija, duka huuliza kwanza: la oda hii si tayari liko njiani? Jibu la malipo nalo laweza kuletwa mara mbili, na kwa hiyo hifadhidata huamriwa kukataa risiti ileile isiandikwe tena. Ni kama upindo wa ndani wa kanzu: mvaaji hauoni, lakini usipokuwepo nguo itafumuka. Hakuna mteja aliyewahi kupiga simu kushukuru kwamba pesa zake hazikukatwa mara mbili. Mimi namshukuru fundi huyo kwa niaba yao wote.

Waliotunga kanuni za wavuti waliliwazia suala la malipo mapema. Jirani kabisa na 404 inayojulikana na kila mtu, walitenga msimbo 402, wa kusema kwamba malipo yanahitajika, na viwango rasmi hadi leo vinauweka akiba kwa matumizi ya baadaye. Kila nchi imejaza nafasi hiyo kwa njia yake. Nafurahi sana kwamba yetu imepitia kwenye kadi ya simu.

Hata kisanduku cha kuandika nambari ya simu kina adabu zake. Daraja hutaka nambari ianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Watu huandika 07, huandika +254, huacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu kama wanavyoitamka, na siku hizi kuna laini zinazoanza na 01. Jon Postel, mmoja wa waliojenga misingi ya intaneti, aliandika mwaka 1980 kwamba programu iwe makini kwa inachotuma na mpole kwa inachopokea. Kisanduku kizuri hupokea maumbo yote hayo, hujipangia chenyewe kimyakimya, na mteja haoni hata doa la wekundu.

Pesa zenyewe fundi huzihifadhi kwa senti, namba kamili zisizo na desimali, kwa kuwa kompyuta ikiachiwa ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia yake ya kawaida hutoa 0.30000000000000004. Na kwenye fomu ya kuagiza mzigo uletwe, nikiona "Saa mbili usiku, 20:00" vimeandikwa pamoja, najua aliyeijenga anajua watu wanavyohesabu saa huku kwetu. Mteja hatausubiri mzigo saa mbili asubuhi wakati mwenye bodaboda anajiandaa kutoka jioni.

Zinabaki zile oda ambazo jibu lake halikufika kabisa, labda kwa sababu seva ilikuwa chini dakika hiyo. Fundi wa kweli hazitupi. Huandika programu ndogo inayozipitia usiku moja baada ya nyingine na kuiuliza Daraja kila moja iliishaje. Zilizolipwa huingia kwenye orodha ya kufungashwa, zilizoghairiwa hufungwa. Ikibaki yenye utata, huwekwa juu kabisa ya orodha ya asubuhi, nambari ya mteja na kiasi pembeni yake, ili muuza leso ampigie mteja kabla mteja hajampigia yeye.